Mwenzako Anapodaiwa Ngono ili Apate Alama: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi wa Vyuo

Mwanafunzi anaweza kumaliza somo la maadili na haki za binadamu akiwa na A, analijua Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 ibara kwa ibara, kisha akarudi hosteli na kukutana na jambo ambalo somo halikumwandaa nalo. Rafiki yake anamwambia kwamba mhadhiri amekataa kumpa alama za kazi za muhula mpaka "waonane nje ya chuo". Au msimamizi wa tasnifu amekalia sura ya tatu kwa miezi, na kila akiulizwa anajibu kwa kumsifia mavazi.

Mwongozo huu ni wa huyo rafiki aliyeambiwa. Ni wa viongozi wa serikali za wanafunzi pia, na wa klabu za haki za binadamu na jinsia ambazo hupokea habari za namna hii bila kujua zianzie wapi. Nimeuelekeza zaidi Tanzania Bara kwa sababu sheria nyingi ninazozitaja ni za huko. Walioko Zanzibar na Kenya nimewawekea maelezo yao mahali pake. Jambo moja nitalirudia, kwa sababu ndilo linalosahaulika mapema kuliko yote: mwenye jambo ndiye mwenye uamuzi. Nyingi ya harakati hizi huharibika pale hasira ya kundi inapomtangulia mtu aliyeumizwa.

Lijue kosa lenyewe kabla hujalisemea

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalishughulikia jambo hili katika kifungu cha 25. Kwa maneno ya kawaida, mtu mwenye mamlaka anatenda kosa pale anapodai ngono au upendeleo mwingine, au anapoufanya kuwa sharti, ndipo atoe ajira, cheo, haki, fursa au upendeleo wowote. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Namba za vifungu zinaweza kubadilika sheria zinapochapwa upya, kwa hiyo muulize mwanasheria toleo linalotumika sasa kabla hujaandika barua.

Soma tena neno "anapodai". Si lazima ngono iwe imefanyika. Mhadhiri aliyedai akakataliwa amekwisha kutenda kosa, na mwanafunzi aliyekataa ana jambo kamili la kulalamikia. Wanafunzi wengi hawalijui hili. Husema "si alikataa, basi yameisha", huku aliyekataa akiendelea kufelishwa.

Tena kifungu hicho kinamlenga mwenye mamlaka. Hofu kubwa ya mwanafunzi aliyekubali kwa kubanwa ni kwamba naye ataitwa mtoa rushwa. Hofu hiyo isijibiwe kwa kubahatisha na mwanafunzi mwenzake wa mwaka wa pili, hata kama anasoma sheria. Mpelekeni kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria kabla hajaandika maelezo popote. Huko ataelezwa kifungu kinasema nini na yeye anasimama wapi.

Kuna kosa la pili linalokaa jirani na hili. Kanuni ya Adhabu, kupitia mabadiliko yaliyoletwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ina kifungu cha 138D kuhusu unyanyasaji wa kingono: maneno, ishara, kushikwashikwa, kusumbuliwa kwa namna inayomdhalilisha mtu. Hapa si lazima pawe na alama zinazodaiwa kubadilishwa. Na kama kulikuwa na kulazimishwa kimwili, tumeshatoka kwenye rushwa. Huo ni ubakaji au shambulio la aibu, na njia yake ni polisi na hospitali.

Mwenye mamlaka si mhadhiri peke yake. Ni pamoja na anayegawa vyumba vya hosteli, anayesaini fomu, msimamizi wa wanafunzi wa uuguzi wodini, na bosi wa ofisi ulikopelekwa mafunzo kwa vitendo. Waathirika nao si wasichana peke yao. Mvulana aliyepatwa na haya huwa na kizuizi cha ziada, maana anatarajiwa acheke.

Kumsikiliza: saa ya kwanza

Mtu akikuambia jambo hili, mengi yatategemea utakavyompokea. Tafuteni mahali pa faragha. Weka simu pembeni, ikiwa imefunikwa, aone hurekodi. Mwache aseme kwa mpangilio wake mwenyewe, hata kama anaruka kutoka mwezi wa tatu kwenda wa kwanza na kurudi. Mtu aliyeogopa hasimulii kama ripoti, na kuchanganya mambo hakumaanishi anadanganya.

Yapo maswali ya kuyaacha kabisa: "Kwa nini ulienda ofisini peke yako?" "Ulivaa nini?" "Kwa nini hukusema siku ile ile?" Kila moja linamwambia kwamba kesi imeshaanza, na mshtakiwa ni yeye.

Yenye faida ni machache. Je, upo salama leo usiku? Kuna mtu mwingine anayejua? Kuna tarehe inayokuja unayoiogopa, kama mtihani, kikao cha tasnifu au miadi aliyokuitia? Ungependa nini kitokee? Hilo la mwisho liulize mapema, kisha nyamaza. Wengine wanataka mtu afukuzwe kazi. Wengine wanataka tu mtihani wao usahihishwe na mtu mwingine, wamalize chuo, waondoke. Haki ya pili ni haki kamili sawa na ya kwanza, na si kazi yako kumwona mwoga.

Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Mwambie wazi: "Sitamwambia mtu bila ruhusa yako, isipokuwa nikiona maisha yako yamo hatarini." Ukishasema hivyo, shikilia.

Kama kumekuwa na kuingiliwa kimwili

Hapa muda una thamani kuliko barua zote. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba nazo zina muda wake, usiozidi siku 5. Nendeni hospitali ya serikali, na kama kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono anzieni hapo, kwa sababu daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja.

Asioge kwanza kama anaweza kuvumilia. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Fomu ya polisi ya PF3 hutolewa kituoni, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndilo mahali pa kuiomba. Ikiwa ana jeraha au hali mbaya, matibabu yatangulie na fomu ifuate. Kama ameshaoga na siku zimepita, msikate tamaa: hospitali bado ina msaada wa kumpa, na maelezo yake bado ni ushahidi.

Asiende peke yake. Mtu mmoja anayemwamini anatosha. Msafara wa watu sita huwafanya wauguzi wamwone kama tukio, na kesho kutwa nusu ya chuo inajua alikuwa wapi.

Kumbukumbu: kazi isiyosisimua inayoshinda kesi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo malalamiko mengi yanapofia. Mwanafunzi anafika mbele ya kamati na kusema, "Amekuwa akinisumbua muda mrefu." Kamati inauliza lini, wapi, alisema nini. Anababaika. Si kwamba hasemi kweli. Hakuandika.

Dawa yake ni daftari. Aandike mwenyewe, kwa maneno yake, mapema iwezekanavyo baada ya kila tukio. Aweke tarehe, siku na saa. Mahali: jengo, ghorofa, mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Maneno yaliyosemwa, kadiri anavyoyakumbuka, kwa lugha iliyotumika. Kama yalisemwa kwa Kiingereza yabaki Kiingereza, kama ni kwa kuchanganya abaki na mchanganyiko huo. Nani alimwona akiingia au kutoka. Alifanya nini baadaye, alimpigia nani. Mfano wa maandishi mazuri ni huu:

"Alhamisi, 14 Machi, saa kumi na moja na nusu jioni, ofisini kwake ghorofa ya pili. Nilipeleka kazi niliyoambiwa nirudie. Alifunga mlango. Alisema, 'Hii kazi inaweza kuwa 8 au 18, inategemea wewe.' Nikauliza inategemeaje. Akasema, 'Jumamosi nitakuwa mjini, nitakutumia mahali.' Niliondoka. Nilimkuta mwenzangu wa darasani kwenye ngazi, nikamweleza hapo hapo."

Hakuna "alinidhalilisha vibaya sana" humo, wala "kama kawaida yake". Kuna mambo ambayo mtu mwingine anaweza kuyafuatilia. Na yule mwenzake wa kwenye ngazi ana umuhimu mkubwa: mtu aliyeelezwa siku ile ile anaweza kueleza aliambiwa nini na lini. Naye aandike ya kwake, mbali, wasikae pamoja kulinganisha maneno. Maelezo mawili yanayofanana neno kwa neno huonekana ya kupangwa hata yakiwa ya kweli.

Ujumbe wa simu una utaratibu wake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokelewa mahakamani, lakini mahakama itataka kujua ulitunzwaje na kama haukuchezewa. Kwa hiyo:

- Asifute chochote, hata majibu yake mwenyewe anayoyaonea aibu. Mazungumzo yaliyokatwa katikati hupoteza nguvu.
- Picha za skrini zionyeshe namba ya simu, si jina alilolihifadhi tu, pamoja na tarehe na saa.
- Mazungumzo yote yahifadhiwe, yatumwe kwenye barua pepe yake mwenyewe ambayo nywila yake haijulikani na mtu mwingine.
- Simu yenyewe isiuzwe wala kubadilishwa. Hiyo ndiyo asili, picha ni nakala.
- Kama kuna picha za utupu, zake au za mtumaji, zisisambazwe kwa yeyote kati yenu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haitauliza mlikuwa na nia njema kiasi gani.

Kuna kumbukumbu za aina nyingine ambazo watu huzisahau: za kitaaluma. Apige picha kila kazi kabla ya kuikabidhi. Akusanye alama zake za masomo mengine. Mwanafunzi mwenye B katika masomo sita na F katika moja hajathibitisha lolote, lakini ameweka swali ambalo chuo kitalazimika kulijibu. Aombe mrejesho kwa barua pepe ya chuo, si kwa WhatsApp, ili maombi yawe na tarehe.

Na tafadhali, msimwekee mhadhiri mtego ninyi wenyewe. Kila mwaka wapo wanafunzi jasiri wanaotaka kukodi chumba, kujificha na kamera na kuingia kwa kishindo. Mtu anaweza kuumia humo ndani, na ushahidi wenyewe unaweza kukataliwa. Mtego ni kazi ya maofisa wa TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kuzuia na kupambana na rushwa, nao wana utaratibu wake. Kama tayari kuna miadi iliyopangwa, hiyo ni sababu ya kuwapigia leo.

Kuchagua mlango wa kuingilia

Hakuna mlango mmoja unaowafaa wote. Mwekee mwenzako milango yote mezani, na faida na hatari ya kila mmoja, kisha achague.

Ndani ya chuo kuna mshauri wa wanafunzi, mkuu wa idara, na katika vyuo vingi sasa kuna Dawati la Jinsia. Njia hii ndiyo inayoweza kumpa kwa haraka kile anachokihitaji zaidi: msahihishaji mwingine, msimamizi mwingine, kuhamishwa kundi. Hatari yake inajulikana. Wanaopokea malalamiko hula chakula cha mchana na anayelalamikiwa. Chunguzeni kimya kimya kwanza dawati hilo linaongozwa na nani na limewahi kufanya nini. Malalamiko yapelekwe kwa maandishi, nakala mbili, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Msiondoke bila muhuri.

TAKUKURU ndiyo yenye mamlaka ya kuchunguza rushwa ya ngono Tanzania Bara. Namba ya simu ni 113, bila malipo, na kuna ofisi mikoani na wilayani. Wenzetu hawa hawaanzi sifuri kwenye jambo la vyuo. Novemba 2018, Rais Magufuli alipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzindua maktaba mpya, mhadhiri wa chuo hicho, Dkt. Vicensia Shule, aliandika Twitter kwamba rushwa ya ngono chuoni imekithiri. Maneno yale yaliufungua mjadala uliokuwa ukizungumzwa vyumbani, ingawa yeye mwenyewe aliitwa kujieleza kwa kuyasema. Baadaye TAKUKURU ilifanya utafiti kuhusu rushwa ya ngono katika vyuo viwili, Dar es Salaam na Dodoma. Kwa hiyo msiende mkidhani mtaonekana wazushi kwa kulitaja tu.

Polisi ni kwa ubakaji, shambulio, vitisho na unyanyasaji wa kingono. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inafaa pale chuo cha umma kinapolikalia lalamiko au kumwadhibu mlalamikaji. Kupeleka malalamiko kwake hakulipiwi.

Kwa msaada wa kisheria kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA ambacho ni chama cha wanasheria wanawake, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko wilayani, kwa wale ambao chuo chao kiko mbali na miji mikubwa. Kama kuna kitivo cha sheria chuoni kwenu, ulizeni kama kina kliniki ya msaada, lakini hakikisheni mhadhiri anayelalamikiwa hana uhusiano nayo.

Zanzibar ina mamlaka yake ya kuzuia rushwa, ZAECA, na ZAFELA ni jumuiya ya wanasheria wanawake inayotoa msaada. Kenya, Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 ni kali zaidi ya hii yetu. Kifungu cha 23 kinamhusu mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kingono, na kifungo chake hakipungui miaka 3 au faini isiyopungua shilingi laki moja za Kenya. Kifungu cha 24 kinawataja walimu wa shule za msingi, sekondari na taasisi maalumu za elimu wanaotumia nafasi zao kuwapata wanafunzi, na kifungo chake hakipungui miaka 10. Simu ya bure ya Kenya kwa ukatili wa kijinsia ni 1195.

Barua ya malalamiko

Iwe fupi, kurasa mbili zinatosha. Ianze na yeye ni nani: jina, namba ya usajili, kozi, mwaka. Ifuate anayelalamikiwa na mamlaka aliyo nayo juu yake, kwa mfano "ndiye mfundishaji na msahihishaji pekee wa somo hili". Halafu matukio kwa tarehe, moja moja. Halafu orodha ya viambatisho na mashahidi. Mwisho kabisa ombi, na hili liandikwe kwa uwazi: "Naomba mtihani wangu usahihishwe na mtahini mwingine," "Naomba nisikutane naye ofisini wakati uchunguzi ukiendelea," "Naomba kujulishwa kwa maandishi hatua iliyofikiwa ifikapo tarehe fulani." Barua isiyo na ombi hujibiwa kwa "tumelipokea na tunalifanyia kazi", na hapo ndipo inapolala.

Matusi yaondolewe yote. Sifa kama "huyu ni mnyama" humfurahisha mwandishi tu. Aisome mtu mmoja asiyeijua habari, aseme kama ameelewa nani alifanya nini na lini. Kisha mwenye jambo aisaini mwenyewe. Msisaini kwa niaba yake, na msiipeleke siku ambayo amesema asubiri.

Kisasi, na jinsi ya kujikinga nacho

Wanafunzi huogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, na wana sababu. Mtu mmoja anaweza kushikilia alama, sahihi na barua ya utambulisho. Wanaoandika tasnifu wako hatarini kuliko wote, maana wa shahada ya kwanza humaliza somo kwa muhula, lakini wa uzamili anaweza kukaa mikononi mwa msimamizi mmoja kwa miaka.

Kwa hiyo ombi la kinga liende pamoja na malalamiko, lisisubiri kisasi kitokee. Aombe kwa maandishi abadilishiwe msahihishaji. Aombe nakala ya kanuni za mitihani na ajue siku za mwisho za kukata rufaa ya matokeo, kwa sababu siku hizo hazimsubiri mtu anayelia. Bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, likichelewa au jina likikosekana kwenye orodha ghafla, aandike tarehe na kuuliza kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na mtoa taarifa anaweza kuomba utambulisho wake ufichwe. Ataje hilo anapofika TAKUKURU, mwanzoni, kabla hajaanza kusimulia.

Kuna kisasi kingine kisichotoka kwa mhadhiri. Kinatoka darasani: "Anatuharibia, sasa mwalimu atatufelisha wote." Hapa ndipo CR, yaani mwakilishi wa darasa, na marafiki wanapohitajika. Kula naye, kukaa naye darasani na kumsindikiza maktaba usiku kunamsaidia kuliko mabango.

Msimwage mtandaoni

Najua mvuto wake. Barua imekaa miezi miwili bila majibu, na kuna akaunti yenye wafuasi laki tatu ambayo ingeirusha leo. Wakati mwingine kelele za mtandaoni zimewahi kuamsha ofisi zilizolala, siwezi kukataa. Lakini ukilitaja jina la mhadhiri kabla ya uchunguzi, unampa nafasi ya kushtaki kwa kashfa, unampa muda wa kufuta ushahidi, na unaigeuza habari yote iwe juu yako.

La kuogopesha zaidi ni litakalompata mwathirika. Kutotaja jina lake hakutoshi kumficha. Ukiandika "msichana wa mwaka wa tatu, idara fulani, aliyerudia mtihani wa somo fulani", na idara hiyo ina wasichana wanne, umeshamtaja. Kabla hujaandika chochote cha hadharani, ondoa mwaka, ondoa idara, ondoa muhula, kisha mwonyeshe yeye kwanza. Akisema hapana, hakuna chapisho. Taarifa zake ni zake pia kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa hata kikundi kinachokusanya habari za watu.

Ukihitaji kupaza sauti, paza juu ya utaratibu. "Chuo chetu hakina muda maalumu wa kujibu malalamiko ya unyanyasaji" ni kauli unayoweza kuithibitisha, na haimwanikii mtu yeyote.

Haki za anayelalamikiwa

Wapo watakaonikasirikia hapa. Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Mhadhiri ni mtu. Kumzomea, kuandika ukutani kwake, kuwafuata watoto wake shuleni, yote hayo ni uvunjaji wa haki unaofanywa na watu wanaojiita watetezi wa haki. Tena huwa ndiyo zawadi kubwa anayoweza kupewa mtu mwenye hatia, kwa sababu kikao kitazungumzia kuzomewa kwake na si alichofanya.

Hii haimaanishi mumtilie shaka aliyewajia. Kumwamini rafiki yako na kuiachia kamati kazi ya kuthibitisha ni mambo mawili yanayokaa pamoja bila ugomvi.

Kuubadili mfumo

Lalamiko moja likifanikiwa huondoa mtu mmoja. Ofisi yake inabaki na funguo zile zile. Klabu yenye nguvu hutumia nusu ya muda wake kuziondoa funguo hizo, na mambo ya kuyadai ni ya kawaida sana: mitihani kuandikwa kwa namba badala ya jina, msahihishaji wa pili kwa kila anayefeli kwa alama chache, alama za muhula kutolewa kwenye mfumo kabla ya mtihani wa mwisho, risiti kwa kila kazi inayokabidhiwa, miadi ya wanafunzi saa za kazi na ofisini tu, milango yenye kioo, mtu kutoka nje ya chuo kwenye kamati ya malalamiko, na siku maalumu za kujibu. Madai haya hayamtuhumu mtu. Mhadhiri mwadilifu, nao ndio wengi, atayaunga mkono kwa sababu yanamlinda naye dhidi ya kusingiziwa. Watafuteni mapema.

Mkitaka kufanya utafiti mdogo chuoni kuonyesha ukubwa wa tatizo, ombeni kibali cha chuo kama utafiti mwingine wowote. Dodoso lisiwe na jina wala namba ya usajili. Msiulize "ilikuwaje" wala "nani". Ulizeni kama mtu anajua pa kulalamika, kama amewahi kudaiwa, kama alilalamika, na kama la, kwa nini. Kila karatasi iwe na namba ya msaada chini, kwa sababu swali lenyewe linaweza kumwamshia mtu jambo alilolizika. Na idara ikiwa na watu wachache, iunganisheni na nyingine kwenye majedwali.

Faili za kikundi

Watu wawili tu ndio washike mambo ya mwenye malalamiko, si kamati nzima ya klabu. Majina yasiandikwe kwenye kundi la WhatsApp hata kwa herufi za kwanza. Daftari la kesi litumie namba, na orodha ya nani ni namba ipi ikae mahali pengine. Mwaka ukiisha viongozi wapya wakichaguliwa, msiwakabidhi faili kama mnavyokabidhi spika na mabango. Mrudieni kila mwenye jambo, mmuulize kama anataka faili lake liendelee kuwapo na kwa mtu gani. Aliyesema lirudishwe, arudishiwe nakala zote, na zilizobaki kwenye simu na kompyuta za waliolishika zifutwe mbele yake.